Daraja la Tatu

Hatupimi upepo. Upepo umeshakwenda zake.
Tunapima kilichovunjika, kisha tunarudi nyuma,
kama mtu asomaye barua kwa kuanzia sahihi.

Ulishuka kwenye ngano ya akina Vavra
saa kumi na moja na dakika sita jioni.
Mwanzoni, wanasema, ulikuwa chamchela tu ya vumbi,
ya watoto kukimbizana nayo.
Alama yake hapo ni nyembamba, mita thelathini,
mabua ya huku yamelalia kaskazini, ya kule kusini,
kama mke na mume waliogombana kitandani.

Kutoka pale nimekwenda kwa miguu.
Kilomita ya pili: nguzo za umeme kumi na moja,
zimekatikia magotini.
Ya tatu: ghala la bati la nafaka,
limekunjwa kama karatasi ya peremende, likatupwa bondeni.
Ya nne sina la kuandika.
Ni malisho matupu. Labda hapo ndipo nguvu zake zote zilipokuwa,
lakini hapakuwa na cha kuvunjika,
na fomu yetu inataka kilichovunjika.

Prosek, kilomita ya saba.
Mnara wa maji umesimama. Usiniulize kwa nini.
Shule iliyo ubavuni mwake imebaki ngazi za kuingilia,
na kengele.
Bi Marlys Hruska anaokota vijiko vyake barabarani,
anavihesabu kwa Kicheki,
lugha ya bibi yake, aliyodhani ameisahau.
"Kumi na kimoja," ananiambia. "Vilikuwa kumi na viwili."
Paa lake liko juu ya mti wa jirani. Hilo hakulitaja.

Hundi ya benki ya mji huu imeokotwa Iowa,
ng'ambo ya mto, kilomita mia na ishirini,
kavu, haina hata kunyanzi,
imetiwa sahihi mwaka ambao mimi sijazaliwa.
Ng'ombe sabini na watatu. Nasema idadi tu.

Kisha kwa Delmar Sedlacek. Hapa nimekaa kuliko inavyopasa.
Imebaki sakafu, imefagiwa safi
kana kwamba inangoja wageni.
Mkewe, Twyla, walimkuta ng'ambo ya kijito
angali na aproni.
Delmar ananiletea kahawa kwenye kifuniko cha chupa.
"Andika tano," anasema.
"Haiwezi kuwa pungufu ya tano."

Namwelewa. Aliyeangushwa hupenda
aliyemwangusha awe jabari.

Ila nimeshapiga magoti, nimeshaona ukingo wa msingi.
Palipotakiwa bolti pana misumari,
imenyooka, hakuna hata mmoja uliopinda,
imechomoka tu, kama jino la mtoto.
Nyumba ya namna hii haihitaji tano.
Tatu inaitosha, pengine mbili na kitu.
Na aliijenga mwenyewe, kiangazi cha harusi yao,
Twyla akimshikia ngazi.

Fomu ina kisanduku,
na kisanduku hakiulizi nani aligonga misumari.
Nanyamaza. Kahawa inapoa.
Yeye ndiye anayeinama.
Anaokota mmoja, anaugeuzageuza kwenye mwanga.
"Boksi la bolti lilikuwa dola arobaini," anasema.
"Tukanunua kitanda cha mtoto."
Anautia mfukoni.

Ulikatika juu ya bwawa la bata, kilomita tatu mbele.
Maji hayana kovu.

Urefu: kilomita kumi na mbili na nusu.
Upana, palipopanuka zaidi: mita mia nne na kumi.
Muda: dakika kumi na nne.
Vifo: kimoja.
Daraja:

Nimekaa garini mpaka giza likaingia,
taa ndogo ya ndani inawaka, nondo anaigongagonga.
Nimeandika tatu.
Halafu chini kabisa, kwenye maelezo ambayo hayasomwi na mtu,
nikaongeza kwa mwandiko mdogo:
kilomita ya nne, haijulikani.
Yawezekana tano.